Walioitwa Namkunda

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, Same iliamka na upepo mkavu uliopeperusha vumbi mpaka kwenye masufuria ya watu, ilhali juu milimani wingu jeupe lilikuwa limetulia kama kifuniko. Bibi Namkunda alilitazama lile wingu akiwa uani kwa mwanawe, akajua kwamba kule Mhezi, nyumbani kwake, watu wameamka na manyunyu, na maharage yake aliyoyaacha shambani yanakunywa. Akamshukuru Mungu kwa yote mawili, manyunyu ya kule na jua la huku, kisha akarudi kwenye beseni.

Ndani ya beseni alikuwamo mjukuu wake wa miezi miwili, mnene wa mapaja, anayepiga maji kwa kisigino.

"Tulia, somo," Bibi alimwambia. "Mimi nawe jina moja, ila wewe una mikono ya fujo. Mimi nilioga kwa adabu, uliza watu."

Alikuwa na wiki mbili tangu ateremke kuja kumlea mzazi. Hezroni alikuwa mwanawe wa pekee, na huyu binti alikuwa wa kwanza wa Hezroni. Kwa Wapare jambo hilo halina mjadala: msichana wa kwanza humrudisha mama wa baba. Siku Hezroni alipompigia simu kusema, "Mama, amezaliwa Namkunda," Bibi aliiweka simu juu ya gunia la mahindi akapiga magoti palepale jikoni, moshi ukimwingia machoni, akaomba mpaka ugali ukaungua.

Jenifer, mkwewe, alitoka ndani akiwa na sare za shule mkononi na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na wiki ile alikuwa na sare ishirini za kumaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka na nguvu?"

"Nimeamka salama. Mama, leo ni kliniki ya mtoto, nami nimebanwa na hizi sare. Nimeongea na Saada, naye anampeleka wa kwake. Mtakwenda pamoja?"

"Tutakwenda. Kumbeba somo wangu na yeye mwenyewe kanibeba jina, hiyo ni kazi?"

Jenifer alicheka kidogo. Kisha akaitoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni, akaishika kwa sekunde kadhaa kabla ya kusema, "Kadi atakaa nayo Saada. Yeye anawajua wale manesi. Wewe usihangaike nayo kabisa."

"Sawa," alisema Bibi, akamfuta mtoto nyuma ya masikio.

Kliniki ilikuwa na mabenchi matatu ya mbao chini ya paa la bati, na wanawake walishayajaza. Saada, jirani wa mlango wa pili, alikuwa mke wa mfanyabiashara wa vitunguu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri. Kila mtu pale alimwita kwa jina, naye akamtambulisha Bibi kwa kila mtu.

"Huyu ndiye mama mkwe wa fundi wangu. Katoka Mhezi na ndizi mkungu mzima kichwani."

"Kwenye gari," Bibi alisahihisha. "Kichwani ilikuwa zamani."

Wakacheka, wakamsogezea nafasi. Saada aliziweka kadi mbili mezani kwa nesi, akarudi kukaa. Haikupita muda mwanawe akachafua nguo hadi mgongoni, Saada akamkimbiza bombani nyuma ya jengo. Hapo ndipo nesi alipotoka mlangoni na kadi mkononi.

"Sabrina Hezroni."

Hakuna aliyeinuka.

"Sabrina Hezroni yuko wapi?"

Wanawake walitazamana. Bibi Namkunda naye aligeuka kulia na kushoto, akimtafuta mwenye mtoto.

"Mama Sabrina amekwenda wapi?" alimuuliza binti aliyekaa karibu yake. "Watu wana kazi majumbani, yeye anatuchelewesha."

"Labda amekwenda kununua maandazi," alisema binti.

"Vijana wa siku hizi," alisema Bibi. "Mtoto ana zamu, mama ana njaa."

Benchi zima lilicheka. Nesi akaita mara ya tatu, kwa sauti ya kuchoka, na wakati huo Saada akatokea kwenye kona, mtoto begani, maji yakimdondoka. Alisimama. Alimtazama nesi, akamtazama Bibi, na uso wake ukashuka.

"Bibi," alisema polepole, "ni sisi. Inuka tukampime."

"Wameita Sabrina."

"Ndiyo, Bibi. Inuka."

Yule binti wa maandazi aliziba mdomo kwa khanga. Mwingine nyuma akasema, bila ubaya, "Makubwa. Bibi hamjui mjukuu wake." Kicheko kikapita kwenye mabenchi yote matatu, kile kicheko kisicho na chuki ambacho ndicho kinachouma zaidi, kwa sababu huwezi kukikasirikia.

Bibi Namkunda aliinuka. Alimtoa mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mizani, akasimama kando na mikono mitupu. Mtoto alikuwa na kilo tano na nusu. Nesi aliandika, kisha akamrudishia kadi Bibi mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Anakua vizuri. Waambie wazazi Alhamisi waje wote wawili, waandikishaji wa vyeti vya kuzaliwa watakuwa hapa. Wataandika kama ilivyo kwenye kadi."

Saada alinyoosha mkono kuichukua kadi. Bibi hakumpa. Alikuwa ameiweka karibu na macho, kidole cha shahada kikitembea chini ya mstari wa kwanza, na midomo yake ikicheza kidogo kama ya mtu anayesali kimoyomoyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu, Bibi Namkunda alijiunga na darasa la jioni lililofundishwa na binti mmoja aitwaye Elinaza kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kule Mhezi. Walikuwa wanafunzi tisa, mdogo wao ana miaka arobaini. Bibi hakutaka mengi. Alitaka kuisoma Zaburi kwa macho yake kabla hajafa, maana maisha yake yote alikuwa ameila kwa vijiko vya watu wengine. Mwaka wa kwanza herufi zilimtoroka kama kuku. Mwaka wa pili zikaanza kukaa. Naye hakumwambia Hezroni. Alitaka siku ya ubatizo wa mjukuu asimame mbele ya kanisa na kusoma, ili mwanawe ashikwe na bumbuwazi. Aliitunza siri hiyo kwa furaha ya mtoto aliyeficha embe.

Sasa herufi zilikuwa zimekaa mbele yake, wala hazikutoroka. Sa. Bri. Na.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Saada, ambaye kwa kawaida mdomo wake haukujua likizo, alinyamaza mpaka walipopita magunia ya vitunguu mbele ya duka la mumewe.

"Bibi, umesoma ile kadi?"

"Nimeisoma."

"Kumbe unajua kusoma."

"Najua kidogo."

Saada alivuta pumzi. "Mimi waliniambia tu, ukisikia Sabrina uinuke wewe. Wallahi, Bibi, sikupenda. Mtaa mzima tunamwita Jenifer Mama Sabrina. Wewe ukitokea tunasema mama mtoto. Wiki mbili ulimi wangu umechoka."

Bibi alijikuta anataka kucheka na kulia kwa pamoja, akachagua kutofanya lolote. "Usiwaambie kwamba nimejua. Nitasema mwenyewe, na Mungu atanipa mahali pa kuanzia."

Jioni ile alipika makande. Aliyapika kama ya Mhezi, mahindi yameiva mpaka yamefunguka na maharage yamelegea, nazi ikiwa kidogo tu. Hezroni alirudi kutoka gereji ya pikipiki anakofanya kazi, akanawa oili mikononi kwa mafuta ya taa na sabuni, akamnyanyua binti yake juu.

"Mama Namkunda, mama yangu mzazi, umeshindaje?" alimwambia mtoto kwa sauti kubwa, akimtazama Bibi kwa jicho la pembeni ili aone kama amefurahi.

Bibi alipakua. Jenifer alikaa kwenye mkeka, akauliza kliniki ilikuwaje.

"Ilikuwa nzuri. Wanawake wamecheka sana leo." Bibi aliifuta mikono yake kwa khanga, akaitoa kadi kifuani. "Hezroni, baba, hebu nisomee hapa. Nataka kujua wameandika nini."

Mkono wa Jenifer ulisimama njiani kati ya sahani na mdomo. Hezroni aliichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa taa, akakohoa.

"Wameandika jina la mtoto, Namkunda Hezroni."

"Ehe."

"Jina la baba, Hezroni. Jina la mama, Jenifer. Uzito leo, kilo tano na nusu."

"Rudia pale pa kwanza."

"Jina la mtoto, Namkunda Hezroni."

Bibi alinyoosha mkono, akaichukua kadi bila kuipokonya. Aliiweka juu ya goti, akaweka kidole chini ya mstari, na kwa sauti ya darasa la jioni, sauti inayokanyaga kila silabi kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akasoma: "Ji-na la m-to-to. Sab-ri-na. Hez-ro-ni."

Sufuria ilikuwa inatokota jikoni. Hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Mama," alisema Hezroni, "umejua kusoma lini?"

"Hilo nalo lina habari yake, lakini si ya leo. La leo ni kwamba umenisomea uongo mara mbili, na mara ya pili nilikupa nafasi."

Hezroni, mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye ndevu, aliinamisha kichwa kama siku alipovunja chungu cha baba yake. "Sikutaka uumie."

"Basi nimeumia kliniki, mbele ya watu, nikimsengenya mama wa mtoto niliyembeba mgongoni mwangu. Kuleni, makande yanapoa."

Walikula. Hayakuwa na ladha mdomoni mwa mtu yeyote, ijapokuwa yalikuwa matamu.

Kulipopambazuka Jumanne, Bibi alikuwa amekwishakunja nguo zake na kuzifunga kwenye shuka. Alikaa juu ya kitanda, furushi miguuni, akaomba. Alimwambia Mungu mambo kama yalivyo, bila kuyapamba. Alisema anayo haki. Akipiga simu moja tu kwa shemeji yake kule Mhezi, wazee wa ukoo watamwita Hezroni, na Hezroni hataweza kubisha hata neno. Kadi itabadilishwa, na jina litarudi mahali pake. Alisema pia kwamba hana mwana mwingine. Dada zake walikwisha kufa, na binti zao wana Jaklini na Glori tupu. Jina hili likimpita mtoto huyu halina mlango mwingine wa kuingilia. Hayo yote aliyasema. Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa na maisha, kumpa Mungu nafasi naye aseme.

Hakusikia sauti yoyote. Alisikia tu mtoto akilia chumba cha pili, na mama yake akimbembeleza kwa minong'ono bila kumtaja jina. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mwanamke alikuwa anambembeleza mwanawe wa kwanza, na alikuwa anaogopa kumwita jina lolote, hili wala lile, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na mama mkwe alikuwa macho.

Bibi alilifungua furushi. Shuka akalitandika.

Hezroni alipokwisha kwenda kazini, Bibi alitoka uani na ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Jenifer alikuja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, jina lile nilichagua mimi. Hezroni alikataa. Nikamwambia akiniacha nichague, nitamwita Namkunda kila ukija. Yeye ni mpole, anakubali ili watu walale."

"Namjua. Nimemzaa."

"Si kwamba sikupendi."

"Sijasema hunipendi. Nimenyamaza nikusikie."

Jenifer alichukua maharage kiganjani, akayachezea. "Mimi jina langu la nyumbani ni Nakijwa. Jina la bibi mzaa baba. Nilipokwenda sekondari ya bweni, mbali, siku ya kwanza matroni alikuwa anaita majina. Akafika kwangu akashindwa. Akaniuliza mbele ya wasichana themanini, hili ni jina la mtu au la mlima?"

Bibi aliacha kuchambua.

"Miaka minne wakaniita Mlima. Nikipita, wanasema Mlima unatembea. Nikishika sahani, Mlima unakula. Walimu nao. Hata nilipopata malaria wakasema Mlima una baridi." Alijaribu kucheka. "Sasa inaonekana kitu kidogo. Nilipofika kidato cha nne nikaomba lifutwe kwenye fomu za mtihani, libaki Jenifer tu. Bibi yangu alikuwa bado hai. Akafa mwezi wa kumi mwaka huohuo, nami sikuwahi kumwambia. Nikaapa binti yangu hatapitia ile."

Upepo ulipita, ukachukua maganda mepesi kutoka kwenye ungo. Bibi aliyatazama yakienda.

"Pole, mwanangu," alisema. "Hicho si kitu kidogo. Sisi tulikaa kule juu tukidhani mnakula ugali na kusoma hesabu. Hatukujua kwamba wanawakata majina."

Walichambua kwa muda. Kisha Jenifer akauliza, labda kwa adabu tu, "Lilitoka wapi, mama? Hilo la Namkunda."

"Hezroni hakukwambia?"

"Alisema ni la kwako."

"La kwangu. Kama vile kisima ni cha mwisho aliyechota." Bibi aliutikisa ungo. "Nitakwambia kama nilivyoambiwa. Kulikuwa na mwaka wa njaa. Mama mmoja wa ukoo wetu alikuwa na mabinti watano, akajifungua tena. Mumewe akasimama nje ya mlango akauliza, ni nani? Wakamwambia, ni msichana. Akageuka aende zake, hata jina hakuacha. Yule mama akiwa bado amelala chini akasema kwa sauti ya kumfikia huko njiani, mimi nimempenda, kwa Kipare chetu: Namkunda. Wakunga wakasema, basi hilo ndilo jina lake."

Jenifer aliisogeza ndoo karibu.

"Huyo ndiye wa kwanza. Alipokua akawa mgawaji wa zamu za maji kwenye ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia. Wanaume hawakutaka mwanamke. Lakini alimnyima kaka yake mwenyewe zamu alipochelewa, wakaona, huyu hana upendeleo, wakamwachia mpaka uzee. Wa pili alikuwa mkunga, hakujaliwa mtoto, na nusu ya Mhezi ilipita mikononi mwake. Wa tatu alibeba mabati ya kanisa kutoka huku Same mpaka juu, mawili mawili kichwani, mimba ya miezi saba tumboni. Alipofika mara ya mwisho mchungaji akamwambia pumzika, akasema nitapumzika mvua ikinyesha nami nimo ndani. Wa nne alikuwa mwizi wa mbuzi."

Jenifer aliinua kichwa. "Mwizi?"

"Wa mbuzi. Na mdomo mchafu kama nini. Alikwiba hata mbuzi wa mchungaji. Naye tunamhesabu, huwezi kuchagua. Alikufa ametubu, au ndivyo wanavyosema waliorithi mbuzi."

Jenifer alicheka, safari hii kweli, mpaka akaweka mkono tumboni. "Na wa tano?"

"Wa tano ni mimi."

"Nawe umefanya nini?"

Bibi alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa kanisani. "Nimelima. Nimemzika mume. Nimemlea Hezroni peke yangu tangu ana miaka sita. Sina la kusimulia."

"Umesoma uzeeni, mama. Jana ulinitisha roho."

"Hilo? Nilianza nina sitini na tatu, ila hilo ni la Elinaza, mwalimu wangu. Na la Mungu." Lakini uso wake ulikuwa umepata joto. Aliuweka ungo chini. "Sikiliza, Jenifer. Nimeomba asubuhi. Sitapiga simu kwa wazee. Yule mama wa kwanza hakulazimishwa na ukoo, alisema mwenyewe. Mkimpa mtoto jina langu kwa hofu, mtaliita kwa hofu, naye atalisikia hivyo. Mwite Sabrina. Ni jina la mtu, nalo Mungu analijua. Nitamwita Sabrina nami. Ninachoomba ni kimoja, msinidanganye tena. Nimeanza kusoma ili nisidanganywe, sasa nisiwe nimesoma bure."

Aliinuka, akaenda kumwosha mtoto. Jenifer alimsikia akisema kule kwenye beseni, kwa ulimi uliokuwa unajifunza, "Tulia, Sabrina. Tulia, mama." Akazisikia zile silabi zikikanyagwa moja moja, bila kinyongo, na zilimchoma kuliko matusi.

Jumatano Jenifer alimpigia simu mama yake. Alimuuliza Nakijwa wa kwanza alikuwa nani. Mama yake alisema alikuwa bibi mzaa baba yako, sasa unauliza nini. Kabla yake je? Mama yake akasema hajui. Akampigia shangazi, shangazi akasema aliyejua alikuwa bibi mwenyewe, naye hakuna aliyemuuliza. Jenifer alikata simu, akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alimaliza sare mbili tu siku hiyo.

Alhamisi walikwenda wote wanne. Bibi alitaka kubaki, Jenifer akasema, "Twende, mama, tafadhali." Saada naye akajiunga, maana mtoto wake pia hakuwa na cheti, na kwa sababu hapendi kukosa.

Waandikishaji walikuwa wameweka meza mbili chini ya lile paa la bati. Karani wa meza yao aliitwa Anderson, kijana mwenye shati jeupe na uso wa mtu aliyekwisha kuandika majina mia tangu asubuhi. Aliipokea kadi bila kuinua macho.

"Sabrina Hezroni. Jinsia ya kike. Niandike kama ilivyo?"

Hezroni alimtazama mkewe. Jenifer alisogea mezani.

"Hapana," alisema. "Andika Namkunda."

Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni, alidhani masikio yamemchezea.

"Kadi inasema Sabrina," alisema Anderson.

"Kadi nilisema mimi. Na sasa nasema mimi."

"Dada, Sabrina ni zuri, fupi, linaandikika. Hilo lingine mbona la kizee?"

"Mwenye jina amesimama hapo nyuma yao," alisema Saada. "Mwambie mwenyewe kwamba ni mzee."

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Anderson aliinua macho, akamwona Bibi, akasimama nusu kiti. "Shikamoo, Bibi. Samahani."

"Marahaba, baba. Andika tu utakaloambiwa na wazazi. Mimi sipo hapa."

"Upo, mama," alisema Jenifer bila kugeuka.

Karani alieleza kwamba jina likitofautiana na la kwenye kadi, wazazi wote wawili watatia saini, na shahidi mmoja wa familia. Hezroni alitia saini haraka, kama mtu anayetua mzigo. Jenifer naye akatia. Kisha Anderson, kwa nia njema kabisa, akakisogeza kidau cha wino mbele ya Bibi na kumwonyesha kidole gumba.

"Bonyeza hapa, Bibi, halafu hapa."

"Nipe kalamu," alisema Bibi.

Aliandika. Ilichukua muda. Kuna aliyeguna kwenye foleni, na kuna aliyemwambia nyamaza. Hezroni alikuwa hajawahi kuona mwandiko wa mama yake. Aliinama juu ya bega lake akazitazama zile herufi kubwa zikipanda kidogo kuelekea kona ya karatasi, akageuka upande akajifuta uso kwa mkono wenye oili, akajipaka doa jeusi ambalo hakuna aliyemwambia habari yake.

Anderson akagonga muhuri. "Namkunda Hezroni. Tayari."

Mama mmoja mnene, aliyekaa mwanzo wa benchi na mapacha, alitikisa kichwa kwa huruma. "Jina zuri kwenu," alisema. "Ila maskini mtoto. Akienda shule watamcheka. Mimi wangu nimewaandika Kelvin na Klinton, nimewaepusha."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, watoto wa siku hizi wana midomo. Bibi Namkunda aliinamisha macho, maana mwenye mapacha hakuwa amekosea, na hofu aliyoitaja ilikuwa ileile iliyokuwa imekaa kwenye ndoo uani Jumanne.

Jenifer alimtoa mtoto mgongoni kwa Bibi, akampakata mbele ya mabenchi yote matatu.

"Watamcheka. Mimi walinicheka, nikalitupa la kwangu, na leo hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia lilikotoka." Alimtazama Saada, akamtazama karani, akamtazama mama wa mapacha. "Ninyi wote mmenisikia, basi mniulize siku hiyo ikifika. Huyu akirudi nyumbani analia kwa sababu ya jina lake, kesho yake asubuhi nitafunga cherehani, nitakwenda shuleni kwake, nitasimama mbele ya darasa lao na kuwasimulia Namkunda wote mmoja mmoja, na mwizi wa mbuzi nisimwache. Na huyu bibi, aliyeshika kalamu akiwa na miaka sitini na tatu, nitaanza naye."